Injini Nyingine, Mlima Uleule

Pikapu ya marehemu baba ilikuwa na sauti ambayo mama aliijua kuliko nyimbo za kanisani. Ikifika kwenye daraja chini ya mlima wetu, upande huu wa Ikonge, na kuanza kupanda kwa gia ya pili, mama alikuwa anabandika maji ya ugali. Gari likiingia uani, maji yanachemka. Baba alipofariki nilishika usukani mimi, nikawa nabeba ndizi hadi sokoni Kisii, na mama akaendelea kubandika sufuria vilevile kila jioni. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Kisha injini ikanoki. Fundi wangu wa pale Nyamira aliifungua, akachungulia, akaifunika tena taratibu bila kuniangalia usoni. Alisema imekwisha, na za aina ile siku hizi hazipatikani.

"Lakini dada, tunaweza kuiwekea ya gari ingine," akaniambia. "Itaingia tu. Tutailazimisha."

Nilipompelekea mama habari hizo alikuwa anachambua mboga za chinsaga mlangoni. Aliuliza swali moja tu: "Na italia vile ilikuwa inalia?"

Mimi nina mdomo mwepesi. Nikamwambia gari ni la kubeba ndizi, si la kwaya. Hakucheka. Aliinama akaendelea kuchambua majani ambayo tayari alikuwa ameyachambua, na hapo nikaelewa ninachokwenda kumwondolea. Niliogopa kweli, lakini bila injini pikapu ingeoza pale uani, na sauti ingekwenda vilevile.

Injini tuliipata Kisii mjini kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza vipuri vya magari yaliyopata ajali. Ilikuwa Ijumaa, na tulimkuta akifunga duka kwenda kuswali, kwa hiyo tulimngoja barazani mpaka aliporudi. Alituonyesha injini ya gari dogo la abiria, gari lililogongwa kwa nyuma likakunjamana lote isipokuwa pua. Ilikuwa imelazwa sakafuni juu ya tairi kuukuu. Mzee akaiunganisha na betri, akaingiza mpira kwenye kidumu cha petroli, akagusanisha waya.

Ikanguruma. Haikuwa na gari wala magurudumu, na bado ilinguruma pale chini, ikitetemesha sakafu hadi kwenye nyayo zangu. Nilijikuta nimeshika kifua. Gari lake lilikuwa limekufa na yenyewe haikuwa na habari. Nimeendesha magari miaka mingi, lakini siku hiyo ndiyo niliyoona kwamba sikuwahi kufikiria kilicho chini ya boneti.

Tatizo ni kwamba ilikuwa na sauti laini mno. Nikamfikiria mama.

Jioni ileile, gerejini kwake Nyamira, fundi aliining'iniza kwa mnyororo kwenye miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa pamoja juu na kuishusha ndani ya pikapu. Mahali pa kuikalisha hapakulingana, maana kila gari lina miguu yake. Fundi akaenda nyuma ya gereji, akakata kipande cha mgomba, akakichonga kwa kisu, akakijaribu, akachonga tena, hadi kikakaa sawasawa kati ya injini na chasisi. Hicho ndicho kipimo ambacho mchomeleaji wa gereji, aliyekuwa amesimama nasi, angekifuata kukata chuma. Mgomba haugharimu kitu, alisema, na ukikosea unakata mwingine. Halafu akatazama jua, akanawa mikono. Sabato ilikuwa inaingia. Sote watatu ni Wasabato, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Tuliiacha injini inaning'inia.

Jumapili chuma kikakatwa, kikachomelewa, injini ikashushwa. Ikakaa upande. Feni ilikuwa inagusa rejeta. Mimi nilikuwa tayari natafuta maneno makali. Ndipo fundi akaokota kile kipande cha mgomba, akakigeuza mkononi, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Imekauka!" akasema. "Sisi tulipumzika Sabato, hii ikafunga na kukonda!"

Tulikuwa tumekifuata kipimo kwa uaminifu wote, na kipimo chenyewe kilikuwa kimenyauka. Nilicheka kwa hasira. Akakata kingine, na safari hii mchomeleaji alipima chuma huku maji ya mgomba bado yanamdondokea viatuni. Injini ikashuka, ikatulia. Waya zikaunganishwa. Nilipozungusha ufunguo, pikapu kuukuu ya baba ilishtuka, ikapumua, ikaamka kwa nguvu ya gari ambalo hatukulijua. Fundi alivua kofia.

Nilipanda mlima wetu jioni. Hapakuwa na moshi jikoni. Mama alikuwa ameketi uani amenipa mgongo, na hakugeuka mpaka taa zilipotupa kivuli chake ukutani. Akainuka. Alilizunguka gari lote, kisha akaweka kiganja kwenye boneti yenye moto.

"Rudi darajani," akaniambia.

"Mama, nimechoka."

"Rudi, moiseke, binti yangu. Upande tena polepole. Nataka kuisikia."

Niligeuza gari, nikashuka hadi darajani. Nikafungua dirisha, nikaweka gia ya pili, nikapanda kwa mwendo wa baba. Nilipopita migomba ya jirani nilimwona mama amesimama mlangoni pa jikoni, kichwa amekiinamisha upande, mkono mmoja hewani kama anayenyamazisha watoto. Kisha akaingia ndani kwa haraka, na moshi ukaanza kutoka. Nililia huku nikiendesha.

Nilipofika uani maji yalikuwa hayajachemka, lakini yalikuwa motoni.