Uso wa Thelma kwenye Runinga

Riwaya moja ya kale imefanywa tamthilia ya runinga mara tatu katika jumba la mabwana pale Hallowby, kijiji cha Uingereza, na mara zote Thelma Garside amekuwa miongoni mwa wanakijiji walioitwa kucheza dansi ukumbini. Mara ya kwanza alikuwa msichana. Mama yake alioka keki, akaalika majirani waje kutazama, na kilichoonekana ni mgongo wa Thelma na mkono mmoja wenye glavu. "Ule mkono ni wa kwetu," mama alisema. Mara ya pili walimkata kabisa kwenye picha.

Hakuolewa. Aliuza stempu posta mpaka posta ikafungwa, akamuuguza mama yake mpaka akamzika. Kila Alhamisi jioni alicheza dansi za kale kwenye ukumbi wa kanisa na Norman Birtles, mgane mpole mwenye miguu mirefu, na hakuna aliyejua Thelma anatarajia nini kwake.

Watu wa runinga waliporudi mara ya tatu, dada yake Hilda alimcheka. "Safari hii watakuonyesha nini, kiwiko?"

"Uso," Thelma alisema. "Nataka uso wangu uonekane, Hilda. Mara moja tu, halafu nife."

"Usife hujanirudishia sufuria yangu."

Pale ukumbini walicheza bila muziki, viatu vimebandikwa kitambaa kizito chini ili visilie, kwa sababu vinasa sauti vilitaka maneno ya waigizaji wakuu tu. Muziki ungetiwa baadaye. Wale wakuu walisimama karibu na nguzo wakizungumza chini chini, na mchezaji aliyegeuza shingo kuwasikiliza alikemewa.

Walipopumzika, mwongozaji alikaa kitambo akimtazama Thelma. Akaenda kwenye nguzo, akanong'ona na waigizaji wake, kisha akamjia.

"Mama, wewe unajua kucheza. Tabasamu hivyo hivyo, ila zidisha. Kamera itakuwa kwako."

Wakamwongezea manyoya kichwani na utepe mwekundu. Thelma alidhani ndivyo watu wanaoonekana wanavyopambwa. Alicheza goti likimuuma, akitabasamu.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili tamthilia ilipoonyeshwa, sebule ya Hilda ilijaa. Norman alikaa karibu na dirisha na glasi yake. Ghafla uso wa Thelma ukajaa kioo kizima, macho yakimeremeta, na juu yake ikaja sauti ya binti mhusika mkuu:

"Mtazame bibi yule. Bado anangoja kuposwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wachumba wamekwisha."

Mtu mmoja sebuleni alicheka kabla hajafikiri. Alikuwa Norman. Akajifanya anakohoa.

"Umetoka vizuri, mdogo wangu," Hilda alisema. "Ngozi yako imeonekana safi kabisa."

"Ndiyo. Wameuonyesha."

Wiki nzima kipande kile kilirudiwa kama kionjo cha tamthilia. Muuza nyama alimchagulia soseji nzuri kwa upole wa kupindukia, akaangalia kisu chake. Alhamisi Norman alipiga simu.

"Unakuja leo?"

"Goti linanisumbua."

"Pole. Basi pumzika, Thelma, usiwe na haraka. Hata mwezi."

Aliyasema upesi, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kutua mzigo. Thelma alimtakia jioni njema, akakata simu.

Akaitoa riwaya rafuni. Alikuwa akiipenda tangu shuleni, na alitaka kuwa na hakika. Kama maneno yale yalikuwamo, basi yaliandikwa zamani, juu ya mwanamke mwingine ambaye hakuwahi kuishi, na angeweza kuyavumilia. Aliisoma sura ya dansi yote, polepole, akaisoma na iliyofuata.

Hayakuwamo. Yalitungwa siku ile ile, pale kwenye nguzo, na mtu aliyekuwa akimtazama yeye.