Masweta Yaliyotangulia Lushoto

Jumamosi iliyopita mume wangu alininyooshea simu nione vibanda vya mbao. Viko Lushoto, juu kabisa, miti mirefu kwa nyuma, na mbele mawe yamepangwa duara pa kuwashia moto wageni waote. Watoto wakanilalia mabegani kutazama. Kaka mtu akataka hema, binti akataka kibanda chenye ngazi ya kupandia kitandani. Mume wangu akasema, "Mama watoto, panga wewe, mie kazi yangu kuomba ruhusa ofisini tu." Nikatabasamu. Ndugu yangu, kutabasamu najua sana, nimefundishwa na mama yangu.

Maana safari hii mie naipanga tangu nina mapengo mdomoni.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, nyuma ya barabara ya Kilwa, kabla sijaolewa nikahamia huku Tegeta. Joto la pale si la kusimuliwa. Tulikuwa tunalala mkekani ukumbini, mlango wa uani wazi, na bado unaamka shingo imelowa. Alfajiri jirani anakaanga vitumbua, harufu ya iliki inakufuata hadi ndani ya chandarua. Baba alikuwa dereva wa lori, anatoa kabichi na karoti Lushoto, anazishusha sokoni Temeke. Akirudi, mama anampelekea maji bafuni, sie tunapekua nyuma ya kiti cha lori kutafuta mapeasi. Yalikuwa magumu, na niliamini kabisa kwamba ukiling'ata katikati utaikuta baridi ya mlimani.

Akishakula, anaanza. Kuna kibanda cha mbao kule, anasema, mwenyewe anafahamiana naye, anawakodisha wageni. Chumbani mnawashwa moto, tena si wa kupikia, wa kuota tu. Sie tunatazamana, maana Mtoni moto ukiwa chumbani ni nyumba inaungua. Asubuhi ukihema, anasema, moshi unakutoka mdomoni kama mvuta sigara. "Likizo ya mwezi wa sita nawapeleka wote, na mama yenu. Ahadi ni deni."

Basi tukapanga. Tuligombania nani alale karibu na moto, kwa chozi na makofi, kana kwamba tunaondoka kesho. Mama akaahidi chapati za njiani na visheti. Akaanza kununua masweta ya mtumba, moja moja, kila maandazi yake ya kuuza yakitoka vizuri. Jirani wa vitumbua akamtania uani, "Shoga, unahamia Ulaya nasi hutuambii?" Mama akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Sweta langu lilikuwa jekundu, limepungukiwa kifungo cha juu. Mama akabandua kifungo cha buluu kwenye gauni lake mwenyewe, akanishonea. Nikawa nalivaa mchana wa jua kali, nazunguka nalo uani kujizoesha baridi, mpaka vipele vya joto vikanijaa shingoni. Mama akanipaka poda huku ananigombeza.

Mwezi wa sita ukafika. Baba akarudi, akasema barabara ya mlimani imekatika, mvua kubwa. Siku hiyo Mtoni jua linachoma bati mpaka linalia. Nikamtazama mama. Mama akamwambia, "Basi, Mungu akipenda wa kumi na mbili." Wa kumi na mbili barabara ikakatika tena. Nimekua nikiamini Lushoto mvua inasubiri shule zifungwe.

Mwaka uliofuata baba akaja na jipya. "Nipeni hizo nguo nzito nizitangulize, zikae kulekule kibandani. Siku ya safari mtapanda mikono mitupu." Mama alifurahi huyo, kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba safari ipo. Akayafua masweta yote, akayakunja pamoja na mablanketi, akayashindilia kwenye shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa miraba miraba. Baba akautupia nyuma ya kiti, akaondoka. Mie nilisimama barabarani kuupungia mkono mfuko.

Hatukwenda. Baba alifariki palepale Mtoni, presha, ghafla. Siku ya pili ya matanga, asubuhi, turubai limejaa watu, akaja mwanamke mgeni amemshika mtoto mkono, wametoka kushuka basi. Jirani wa vitumbua ndiye aliyekuwa anapokea wageni. "Karibu dada. Pole na safari. Wewe nani wake marehemu?"

"Mkewe," akasema taratibu. "Wa Lushoto."

Watu wote wakamgeukia. Mie hata sikumtazama yeye, nilikuwa namtazama mtoto. Msichana wa rika langu, paji la uso la baba lilelile, na pamoja na joto lote lile kavaa sweta jekundu. Kifungo cha juu, buluu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba kilimuumbua kwa sweta.

Mama alikuwa mkekani, amejifunika khanga. Akamwita yule mtoto, akamfungua vifungo, akaanza na kile cha buluu. "Huku kwetu joto, mwanangu, litakudhuru." Akalivua, akalikunja vizuri kama alivyolikunja siku ile, akamkabidhi mama yake. Nilitaka alipokonye. Nilitaka apige kelele mtaa mzima ujae. Mke wa pili dini inaruhusu, sikatai, na siri ya mume mama angeilia akanyamaza. Lakini masweta yetu? Nilimchukia baba na kaburi lake bichi, na mama nikamchukia zaidi kwa kule kukunja.

Na kibanda kilikuwepo, ujue. Shangazi alipomhoji mgeni, akasema anakaa nyumba ya mbao, mumewe kaijenga mwenyewe, na moto wanawasha ndani.

Leo nyumba yetu ya Mtoni haipo, pamejengwa maduka ya vipuri. Jirani wa vitumbua alishazikwa. Mama nakaa naye hapa Tegeta. Ningeweza kuvumilia kuyakosa hayo yote. Ninachokilia ni zile jioni za ukumbini, sie tunagombania kulala karibu na moto, maana zilikuwa raha tupu na sasa siwezi kuzikumbuka bila kumuona baba anatutazama, anajua.

Wiki nzima sijapiga simu ya kuweka nafasi. Jana alasiri, jua kali, binti yangu akatoka chumbani kavaa sweta jipya alilonunuliwa na baba yake. Jasho linamtiririka. "Mama, tunaenda lini?"

Nikafungua mdomo, maneno yakatoka yenyewe. "Tusubiri kwanza, mwanangu. Barabara ya kule imekatika, mvua kubwa."

Mama yangu alikuwa kibarazani anachambua mchele. Mkono ukasimama kwenye ungo. Akanitazama mie, akamtazama mtoto na sweta lake, kisha akauliza swali ambalo baba hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Mvua gani, na jua hili?"