Shuka la Hariri la Mama Edith

Pale kijijini Mollo, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ulikuwa ukitaka kujua harusi ya nani ilinoga na ya nani ilipwaya, usimsumbue padri. Nenda kwa Albina, Mama Edith. Yeye ndiye aliyekuwa na shuka la hariri, na bwana harusi ambaye kitanda chake hakikutandikwa shuka lile alisemwa mpaka mahindi yakavunwa.

Lilitoka kwenye mitumba. Nguo za marobota zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kumwagwa sokoni Sumbawanga mjini, na sisi tuliozoea kuweka kiraka juu ya kiraka tukazizunguka tusijue pa kushika. Wengine waliziita kafa ulaya, wakaogopa kuvaa nguo za marehemu. Albina hakuogopa. "Marehemu mwenyewe angeniona nilivyovaa angenihurumia," alisema, akazamisha mkono kwenye lundo mpaka begani, akaibuka na shuka jeupe linaloteleza kama samli, na foronya zake mbili. Akalipeleka nyumbani, akamwonyesha binti yake Edith, aliyekuwa darasa la pili. Mungu alikuwa amewapa huyo mmoja tu, yeye na mumewe Loth.

"Hili ni la kitanda chako, siku utakayoolewa," akamwambia. Mtoto naye, mdomo mwepesi, akaenda kulitangaza shule nzima.

Haya. Sasa mwanamke wa Ufipa akipata kitu cheupe anakifanyaje? Anakifua mpaka kiombe radhi. Albina alianza na foronya moja. Akaichemsha na maji ya majivu, akaipigiza kwenye jiwe, akaianika juani kutwa nzima, kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi. Ilipokauka ilikuwa imekakamaa, ya njano, na alipoikunja ikachanika mikononi mwake. Alilia huyo! Akilini aliliona na shuka la mwanawe limechanika hivyo kabla mtoto hajaota hata matiti.

Kesho yake akashika njia ya misheni ya Kaengesa, kwa Sista Margareth aliyekuwa akitunza mavazi ya misa. Sista akaigeuzageuza ile foronya, akaguna.

"Mama, hariri ni uzi wa mdudu. Unaichemsha na majivu, kwani unapika maharage?"

Albina alirudi kutoka Kaengesa mtu mwingine kabisa. Shuka likawa linafuliwa kwa maji ya baridi, kwa kipande cha sabuni ya kuogea alichokiyeyusha kwanza pembeni, na beseni lake halikuguswa na nguo nyingine. Hakulisugua wala kulikamua. Alilibonyezabonyeza taratibu, akalisuuza kwa maji yenye matone ya siki ili ling'ae, akalizungushia taulo lifyonze maji, halafu akalianika kivulini nyuma ya nyumba, mbali na miiba ya uzio. Pasi ya mkaa aliipitisha ikiwa imepoa kidogo, upande wa ndani, shuka likingali na unyevunyevu. Loth alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, anatikisa kichwa.

"Mimi mwenyewe hujawahi kunishika hivyo," alisema.

"Na wewe ni hariri?" Albina akamjibu.

Ubaya ni kwamba Albina hakuwa na mdomo wa kukataa. Alianza kuja mama yake Herieth, jirani wa pale pale, binti yake anaolewa. "Mama Edith, ni la usiku mmoja tu." Akatoa. Wakaja na wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila msimu wa harusi wanawake walilipokea shuka lile kwa mikono miwili, wakaenda kulitandika kwa vigelegele. Nusu ya watoto wanaosoma Mollo leo, tusifichane, safari yao ilianzia juu ya hariri ya Albina. Likirudi, alilipokea bila kuuliza neno, akaenda nyuma ya nyumba na beseni lake.

Loth alikuwa akikereka. "Kila ukilifua linapungua. Mwanao atakuja kukuta nyuzi."

"Halitapungua. Kwani nalifua kwa panga?" Lakini likishakauka, Albina alikuwa akiliinua kwenye mwanga na kulikagua kwa vidole, pindo hadi pindo, roho mkononi. Aliwapenda wale mabinti wa watu. Ila aliyemwahidi ni mmoja.

Edith akakua, akapata mchumba. Kashinje, kijana wa Kisukuma, wazazi wake walikuwa wameingia na ng'ombe wao miaka michache nyuma, na sasa walikuwa wanahamia kule chini, bonde la Rukwa, kufuata malisho. Maneno yakawa mengi, mara binti wa Kifipa anakwenda kulala na ndama, mara huko bondeni joto litamkausha. Albina hakujali. Kijana alikuwa na adabu, shikamoo yake ilikufikia kabla ya yeye mwenyewe. Kilichomwuma ni ule umbali, na hicho hakumwambia mtu. Akasema tu kwamba safari hii shuka haliazimwi, hata aje nani.

Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Mvua zilikuwa hazijaisha. Albina akalifua shuka kwa mara ya mwisho, akalitundika kamba ya chumbani, kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Halijakauka, akaitwa Kaengesa, dada yake kazidiwa. Akaondoka mbio, akamwachia Loth nyumba.

Sasa msimcheke Loth. Alikaa na lile shuka, anapapasa, bado bichi. Siku ya pili akalinusa, akahisi ukungu. Akamwona na mdudu mmoja anatembea ukutani, akashikwa na hofu. Baba wa watu akajiuliza, kitu ambacho hutaki kioze wala kiliwe na wadudu unakiweka wapi? Kila mtu wa uwanda huu wa Ufipa anajua. Mbegu ya mahindi, ile mihindi mizuri kuliko yote, mbegu ya ulezi, vyote vinakaa juu ya mafiga, kwenye moshi. Kwa hiyo alilikunja shuka vizuri sana, kona kwa kona, akalitundika jikoni katikati ya mihindi ya mbegu, akachochea kuni. Na kwa kuwa alimpenda mwanawe, alichochea kutwa.

Albina akarudi, dada yake amepata nafuu, uso umekunjuka. "Baba Edith, shuka liko wapi?"

"Nimelihifadhi," Loth akasema, kifua mbele, akaonyesha juu.

Yule mama alitazama juu. Kisha sauti yake ikasikika mpaka kisimani. "Loth! Umelibanika shuka la mwanangu!"

Lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya rangi, na linanuka jiko zima. Loth alipoelewa alichofanya alitoka akaenda kukaa nje kwenye manyunyu, bila kofia, na hakuna aliyemwita ndani. Albina alilifua. Maji ya baridi, sabuni, siki, kivuli. Akarudia, na akarudia tena. Masizi yakatoka, weupe haukurudi, na ule moshi ukang'ang'ania pale pale. Ikafika mahali akakusanya majivu, akayaloweka, akainjika sufuria. Majivu yangelitakatisha, alijua. Alijua pia kwamba lingechanika. Alisimama mbele ya moto akiwa na shuka mikononi mpaka maji yakachemka, halafu akayamwaga yote uani, akaenda dukani akanunua shuka la pamba lenye maua. Akalia njia nzima ya kurudi.

Jioni ya kuamkia harusi Edith aliingia chumbani, nywele zimeshasukwa, akaliona lile la maua juu ya kitanda. "Mama, la kwangu liko wapi?"

"Mwanangu, nilikuwa nakutunzia." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Watu wote nimewapa jeupe. Wewe ndiye nimekuharibia." Akalivuta lile la hariri kutoka chini ya godoro, akampa.

Edith akalikunjua. Akaitazama ile rangi. Halafu akalileta usoni akavuta pumzi, akabaki humo muda mrefu, mabega yanatikisika, na Albina akadhani ni hasira.

"Kesho alfajiri nitalifua tena," akasema haraka haraka, ameshalishika beseni. "Sista aliniambia ndimu, sijajaribu ndimu. Nitalisuuza vizuri, ule moshi utatoka."

"Mama, usilifue."

"Linanuka, mwanangu."

"Linanuka jikoni kwetu." Edith alikuwa amelikumbatia, machozi yanaingia kwenye hariri. "Kule bondeni simjui mtu, mama. Kila siku nalala nawaza nitawezaje. Niachie hivi hivi. Usilifue tena."

Albina akaliweka beseni chini. Mikono yake, iliyokuwa imeifulia Mollo nzima shuka lile, haikujua iende wapi, mwishowe ikaenda kichwani kwa mtoto, juu ya zile nywele mpya. Akasimama hivyo. Kisha akakumbuka kwamba kuna mtu mwingine nyumba hii, mtu ambaye siku zote hizi alikuwa akila peke yake na kunyata kama mgeni, na hata sasa yuko nje kwenye manyunyu, akafungua mlango, akaita kwa ile sauti ya kufika kisimani:

"Baba Edith! Ingia ndani, utapata homa. Njoo umsikie mwanao anavyosema."