Uzi Mwekundu wa Mjomba

Juzi daktari alikuja skuli kutudunga sindano. Wenzangu walilia hata kabla hawajaguswa. Mimi nilicheka, na mwalimu akaniandikia utundu kama ada yake. Lakini wallahi, ndugu yangu, haukuwa ushujaa. Daktari alipolowesha pamba kwa spiriti akanifuta mkono, ile harufu ilinibeba moja kwa moja hadi Jomvu Kuu, barazani kwa bibi, wakati wa vita, nami sijatimiza hata miaka tisa.

Mjomba wangu akiunda fito za kuvulia. Si kijiti cha kufungia mshipi. Hizi zilikuwa za mwanzi, zimenyooka, na vijipete vya chuma vya kupitishia mshipi hadi nchani. Kila kijipete kilishikwa kwa mzingo wa uzi wa hariri, masalio ya kofia alizoshona bibi. Basi hariri ni maridadi, lakini vanishi ya kumalizia haina adabu. Ukiipaka juu ya uzi mtupu huzama ndani, na wekundu wote ukageuka damu ya jana. Kwa hiyo mjomba alitangulia kupaka dawa ya kulinda rangi: lakiri iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Mpako mmoja leo, wacha ukauke, mwingine kesho, wa tatu keshokutwa.

"Paka kama wamfuta mtoto machozi," alikuwa akisema, "si kama wapaka ukuta chokaa."

Bibi alijiziba pua kwa leso. "Nyumba yangu imekuwa kilabu cha pombe!" Hata hivyo alisogea karibu kuliko sote kuukagua uzi wake.

Mwaka ule palikuwa na ufito mmoja ulioshinda zote. Jirani yetu, karani mstaafu, alikuwa na binti, na mjomba alikwisha kutuma mshenga mara mbili. Mara ya pili jirani akajibu: "Nasikia aunda fito. Na aniundie wangu. Ule nilioununua mjini uzi ulinigeukia mweusi kwa siku moja. Nikiuona huu mwekundu, tutazungumza."

Mjomba aliunda ule ufito kama mtu anayejenga msikiti. Ulipofika wakati wa dawa, mikono yake ikawa inatetemeka kwa mapenzi. Mimi wakati huo nilidhani mapenzi ni aina ya homa ya malaria. Akanipa mimi burashi.

Mizingo ilikuwa minane. Kila alasiri nilianza na ule wa chini, na kila nikifika wa nane, kule nchani, wakati wa chuo cha Kurani ulikuwa umewadia. Nikajiambia, huu kesho. Kesho ikaja mara tatu. Siku ya tatu nilikimbia hadi chuoni, nikakaa mkekani, na maalim akanusa hewa.

"Wewe! Mbona wanuka hivyo?"

"Ni dawa, maalim."

"Dawa ya maradhi gani?"

"Ya ufito, maalim."

Chuo kizima kikaangua kicheko. Maalim alinishika sikio akanipeleka hadi kwa bibi, akamwambia mjukuu wake amelewa. Bibi akanitazama juu hadi chini.

"Hajalewa huyu, maalim. Ndivyo alivyo akiwa mzima."

Katika vurugu hizo mzingo wa nane ukanitoka akilini kabisa.

Asubuhi yake mjomba alipaka vanishi. Mizingo saba ikang'aa kama punje za komamanga. Wa nane ukaanza kukolea, ukakolea, mpaka ukawa mweusi tititi mbele ya macho yetu. Hariri nyekundu hatukuwa nayo tena, hata unyuzi. Mjomba hakunipiga. Aliketi chini akaushika uso wake, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Hodi!" Jirani huyo, amekuja kuona.

Akauinamia ufito uliotundikwa kwenye misumari miwili. Akahesabu kwa kidole bila kugusa. "Saba sawa. Na huu?"

Mjomba akainuka ajibu. Nikamtangulia mimi.

"Huo ni wanja, babu! Kama anavyopakwa mtoto mchanga usoni asipigwe jicho. Ufito mzuri hivi, wavuvi wa ng'ambo ya hori wakiuona mtupu, si utavunjika?"

Jirani hakucheka. Akamgeukia mjomba. "Ndivyo?"

"La, mzee," mjomba akasema. "Ulisahauliwa kupakwa dawa. Na kosa ni langu, nilimwachia mtoto."

Nilimsikia bibi akivuta uradi chini kwa chini. Kisha yule mzee akacheka mpaka kofia ikamlalia sikioni.

"Mwongo nimemsikia, na mkweli nimemsikia. Binti yangu ataishi na mkweli. Lakini wanja msiufute!"

Arusi ikawa. Baada yake kila mteja alitaka ufito wake uwe na wanja, nami nikawa fundi pekee Jomvu Kuu anayesifiwa kwa kutopaka kitu.

Vita vilipokwisha, fito za ng'ambo zikajaa madukani, zimeshamalizwa kila kitu. Mjomba alihamia Magongo, akaajiriwa kwenye maghala. Nikimtembelea, mkewe hunipa chai ya tangawizi na kuniita "mwongo wangu", kwa upendo ambao walimu wangu hawana. Mjomba huinywa yake ikiwa bado yachoma, wima, huku akitafuta viatu. Siku hizi maisha yake yaenda kwa king'ora cha kazini. Hana tena alasiri ya kungoja kitu kikauke.