Babu na Sala ya Malkia

Kabla ya Uhuru babu yangu alikuwa mwalimu wa dini kwenye kanisa letu la Anglikana hapa Makuyuni. Padri Mwingereza alimwapisha asome sala kama zilivyoandikwa, asipunguze wala asiongeze. Na kitabuni kulikuwa na sala ya kumwombea Malkia wa Uingereza. Uhuru ukaja, vijana wakamwambia sasa tuombee viongozi wetu wenyewe. Akawajibu, "Nileteeni kitabu kingine." Kitabu kikachelewa, Malkia akaendelea kuombewa Makuyuni, na babu akabandikwa jina la Mzungu. Hadi leo sokoni wanamwamkia, "Shikamoo, Mzungu," naye anaitikia marahaba.

Kitabu kipya kilipofika hatimaye, alikisoma miaka mingi. Shida ni kwamba sasa herufi ndogo hazioni, anasali kwa kichwa, na kichwani Malkia hajahama. Mwezi uliopita alimwombea mbele ya wageni. Padri wetu, kijana mpole, akaniita pembeni.

"Dada, nampa Jumapili moja tu. Akimtaja tena, atakuwa anasali amekaa, kama wengine."

Nilipomfikishia ujumbe, babu hakumaliza ugali wake. Kuongoza sala ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo.

Jirani yetu, mzee Mwislamu, Mzigua wa Handeni, ambaye yeye na babu ni watani, alikuja kumpa pole kwa namna yake.

"Mzungu, huyo mama yako amekufa. Hata salamu hakuwahi kukuletea."

"Wewe umemwombea mkwe wako miaka arobaini," babu akasema. "Alishakuletea hata kuku?"

Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini ndoto yangu ni kutangaza redioni, na kusoma kwa sauti nakujua. Nikachukua kalenda ya zamani, nyuma yake nikaandika sala nzima kwa kalamu nene, herufi kubwa kama mabango ya kampeni. Wiki nzima nilimfundisha pa kushusha pumzi. Jumamosi usiku, kwa woga wangu, nikaongeza mstari mmoja.

Jumapili alisimama wima. Alisoma vizuri, nikajiona nimeshapata kazi redioni. Akamwombea Rais, akawaombea mawaziri, mpaka na mwenyekiti wa kijiji. Kisha, kwa sauti ileile ya ibada, akasoma:

"Babu, hapa usimtaje Malkia, kaa chini."

Akakaa.

Kanisa zima likaitikia "Amina" kabla halijaelewa, ndipo mabenchi yakaanza kutikisika kwa vicheko. Nikainamisha uso magotini. Padri alijifuta macho kwa kitambaa, na kwenye matangazo akasema mzee ataendelea kuongoza sala kila Jumapili, ila karatasi ataiandika padri mwenyewe.

Njiani babu aliniuliza, "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, babu. Mimi ndiye niliyeandika."

"Basi wewe ndiye wa kuungama," akasema, akanipa ile kalenda nimbebee.