Filamu Iliyompa Yuda Sura

Mwanangu, iko siku moja ya miaka ya tisini ambayo kila nikiikumbuka naona aibu. Nilikuwa msichana wa kwaya hapa kijijini Titye. Wageni walileta televisheni, video na jenereta kanisani, tukaziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe, tukatazama filamu ya mateso ya Bwana. Nililia hadi kitenge kikalowa.

Sasa, Yuda wa filamu ile alikuwa na ndevu za kuchongoka, na jicho moja dogo kuliko lenzake. Fundi viatu wetu, Papa Luka, mkimbizi wa Kongo aliyekuwa akisali nasi, alikuwa hivyo hivyo. Kabla ya hapo sikuwahi kumwazia baya. Baada ya filamu nikaanza kumchunguza. Mbona anaketi karibu na mlango? Mbona anauliza wazee wanakutana lini? Nikawanong'oneza wenzangu wa kwaya. Jumapili iliyofuata, alipoketi, benchi zima likahama. Sokoni watoto wakawa wanamwita Yuda.

Akanifuata nje ya kanisa. "Dada, nimekosa nini? Mi niko mukristo sawa na weye."

Nilikuwa nalitazama lile jicho tu.

Habari zikamfikia bibi yangu, aliyekimbia Burundi na mama yangu mgongoni. Akaniita jikoni. "Nani alikuonyesha sura ya Yuda?"

"Niliiona kwenye filamu, bibi."

"Oya, mjukuu wangu, hapana. Uliona mtu aliyechaguliwa na mwenye filamu. Injili haikutuambia Yuda alikuwa na uso gani. Kule tulikotoka, watu waliuawa kwa kutazamwa pua."

Nikaenda kwa Papa Luka kuomba radhi. Nilimkuta anafunga vifaa vyake, anahamia kambini Nyarugusu. Alinishika mkono. "Nimekusamehe," alisema, "lakini kanisa yenu sitaingia tena." Na kweli hakuingia.

Basi mwanangu, filamu zitazame, hata ulie ukitaka. Lakini jiulize: haya machozi ni ya imani, au ni ya ule muziki? Huyu mbaya, nani kampa sura hii, na kwa nini inafanana na watu fulani? Chochote kinachokufanya umpende Mungu na papo hapo umchukie jirani, kitilie shaka, hata kama kimeonyeshwa kanisani. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe moyo usiokuwa mwepesi wa kuhukumu, na uzao wako ukae kwa amani na watu. Amina.