Siku Sita za Bati la Haluwa

Mdogo wangu amenipita kwa urefu, kwa rangi, kwa mume, na kwa nyumba ya Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa wenye nazo, ambayo sebule yake inaimeza sebule yangu yote pamoja na jiko. Hayo niliyavumilia. Nilimbeba mgongoni, nikamsuka nywele, nikamfundisha kufunga mtandio. Mtu hamwonei kijicho mtoto aliyembeba mwenyewe, ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Kilichonishinda ni alama thelathini na moja kwenye simu yake.

Mama alipofariki alituachia nyumba ya mtaa wa Darsait, orofa moja juu ya duka la fundi wa mabomba. Kwa sheria ya mirathi nusu ni ya kaka yetu, na nusu nyingine yetu sisi wawili. Mimi nilirudi kwenye nyumba ile nilipoachika, nikamuuguza mama humo miaka kumi na moja, na sina pengine pa kukaa. Kaka akasema anataka nusu yake iwe pesa. Mnunuzi wa nje alikuwapo, lakini kaka akanipa mimi nafasi kwanza: nikipata mkopo wa Kiislamu, usio na riba, niinunue nusu yake. Siku hiyo hiyo mdogo wangu, akiwa anamenya chungwa, akasema, "Na mie ntakwenda kuwauliza benki."

Moyoni nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako. Ana nyumba yenye bustani, na hii pia anaitaka.

Benki nilikwenda mabega juu. Kadi yangu ya mkopo ninayo miaka mingi, na sijawahi kuchelewa kulipa hata siku moja. Kila mwezi nalipa yote, isibaki hata baisa moja, kwa sababu riba siitaki ije karibu na sahani yangu. Kijana wa dirishani akafungua kompyuta, akaniambia kwa Kiarabu cha adabu sana kwamba alama yangu, ile benki wanayompimia mtu kama anakopesheka, ni ya wastani tu. Nilidhani kafungua ya mtu mwingine.

Akanieleza taratibu. Kulipa nalipa, hilo linaonekana. Lakini siku taarifa ya mwezi inapotoka, kadi yangu huwa imejaa karibu hadi juu, na hiyo ndiyo picha inayokwenda kwenye ofisi inayotunza habari za mikopo. Kwamba wiki ya pili yake nimelipa yote, picha ile haijui. Kadi iliyojaa inamtia mkopeshaji shaka. Akanishauri nilipe kabla ya taarifa kutoka, nibakishe kidogo tu. "Mwezi ujao itapanda," akasema. "Haiweki kinyongo. Inaangalia mwezi uliopo."

Nilijua kwa nini imejaa. Katika ukoo wetu kadi yangu ndiyo kadi ya wote. Tiketi za Unguja, friji ya binamu, ada ya mtoto wa jirani, wote huja kwangu, kisha huniletea taslimu mkononi. Na sitasingizia kwamba nililazimishwa. Nilipenda kuombwa. Mdogo wangu hakuna aliyemwomba kitu, maana mimi nipo; kadi yake haijui ila petroli na chai ya karaki. Mimi niliyebeba watu nikaonekana mzigo, yeye asiyebeba mtu ndiye atakayeonekana mwanamke wa maana. Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi nikaunguza wali.

Mwezi ule nikaipumzisha kadi. Nikalipa mapema, na kweli alama zikapanda. Ijumaa mdogo wangu alipokuja kula chakula cha mchana nikamwomba anioneshe zake, kwa sauti ya mzaha. Akanipa simu yote bila kufikiri, kama alivyokuwa akinipa daftari lake la shule nimsahihishie. Alikuwa juu yangu kwa thelathini na moja. Akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba taarifa yake hutoka Alhamisi ya katikati ya mwezi.

Siku chache baadaye khalati, dada yake mama, akanipigia kutaka tiketi sita za kwenda harusini Unguja. Nikamwambia kadi yangu imejaa. Uongo mtupu. Nikampigia mdogo wangu.

"Nisaidie wewe safari hii. Pesa ntazikusanya mie, nikuletee."

"Haya, dada. Nitumie majina."

Kadi yake ina kiwango kidogo, na zile tiketi ziliijaza karibu yote. Jumatatu khalati akapanda ngazi zangu na pesa kamili ndani ya kitambaa. Mshahara wa mdogo wangu huingia mwisho wa mwezi. Asipopata pesa zile kabla ya Alhamisi, taarifa itatoka na kadi imejaa. Nilizihesabu, nikazitia kwenye bati tupu la haluwa, nikaliweka juu ya friji.

Sikuiba. Hilo nilijiambia kila nikifungua friji kuchukua maziwa. Jumanne nilisema kesho. Jumatano nilipita kwa gari karibu kabisa na kwake, pesa ninazo mkobani, nikaenda kununua vitunguu nikarudi nazo. Alhamisi nilishinda na raha ya ajabu, kama mtu aliyemaliza kazi ya mikono. Ijumaa akaja na changu wa kukaanga aliyemnunua kwa wavuvi wa Qantab asubuhi, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote kando ya friji, chini ya lile bati, akala, akacheka, akanitolea miba. Kuhusu pesa hakusema neno. Nikaona ni upumbavu wake, na upumbavu wake nao ukaniudhi.

Jumapili ndiyo nilimpelekea. "Samahani, kazi zilinizidi," nikamwambia. Akasema si neno, akaenda kunitilia kahawa.

Wiki iliyofuata nikamwomba tena nione. Alama zake zilikuwa zimeporomoka arobaini. Nilifurahi, sitaficha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilikuwa juu, hata kama ni kwa alama tisa tu.

Nikaenda benki asubuhi yake. Kijana yule yule akatazama mshahara wangu, akatikisa kichwa. Alama sasa si mbaya, lakini mshahara mmoja hautoshi kununua nusu ya nyumba. Kisha akauliza mbona mdogo wangu sikuja naye. Nikamwuliza mdogo wangu ana nini na jambo hili. Akashangaa. Alikwisha kuja, akasema, wiki chache nyuma, kuomba mshahara wake uunganishwe na wangu, tukopeshwe pamoja, na nyumba ikae kwa jina langu. Ilikuwa karibu kupita. Ila walipotazama tena wiki hii wameikuta kadi yake imejaa ghafla, na wakubwa wamesema isubiri taarifa ijayo.

Nilikaa kwenye gari bila kuwasha injini. Kisha nikampigia kaka, nikamwomba mwezi mmoja zaidi, nikalia kidogo katika simu ili anikubalie. Akakubali kwa manung'uniko. Mwezi uliofuata alama za mdogo wangu zilirudi zilipokuwa, kama kijana alivyosema, bila kinyongo. Tukatia saini, mimi na yeye, kalamu moja.

Tulipotoka akasimamisha gari mbele ya mkahawa, tukaletewa karaki dirishani. Akaikoroga yake muda mrefu.

"Khalati alinpigia ile Jumatatu," akasema. "Kunambia keshakupa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nlitaka nione utaniletea siku gani."

Hakupandisha sauti. Akanipa tishu ya kufutia kikombe, maana chai yangu ilikuwa inamwagika.

Nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa haya. Nilimwonea kijicho. Nilimwonea kijicho kwa kuweza kukaa chini ya bati lile Ijumaa nzima, akijua pesa nimekwisha kupewa, na bado akanitolea miba kwenye samaki. Haya ilikuja baadaye, tulipokuwa tunaingia Darsait na yeye anatafuta pa kuegesha mbele ya nyumba yangu.